Fulu wa Auma

Tulimzika Mwalimu Kirwa wiki mbili zilizopita, shambani kwake nje kidogo ya Eldoret, na kabla jeneza halijatolewa nyumbani nilikuwa nimekwisha kumwona Auma. Alikuwa ameketi chini ya hema la pili, miwani puani, karatasi ya ratiba mkononi, akiisoma kama mtu anayesahihisha insha. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita tangu nimwone, na bado nilimtambua kwa jinsi alivyoshika karatasi, mbali na uso, kichwa kimelala upande. Nilifanya jambo la aibu kwa mwanamke wa umri wangu. Nilizunguka nyuma ya nyumba hadi walipokuwa wapishi, nikaomba kisu, nikaketi kumenya viazi ambavyo hakuna aliyenituma kumenya. Wale akina mama walinishukuru. Nilimenya karibu gunia zima, na mhubiri alipokuwa akisema juu ya kuja na kuondoka kwa mwanadamu, mimi nilikuwa nikihesabu maganda na kukumbuka nyumba moja ya kupanga kule Kimumu, na stoo yake iliyokuwa na joto kuliko vyumba vingine vyote.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa msaidizi wa maabara chuoni, kazi ya mkataba, ya kuosha vyombo na kuandika lebo, na Auma alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili aliyetoka upande wa ziwa kuja kusoma samaki katika mji usio na ziwa. Tulipanga nyumba pamoja kwa sababu kila mmoja wetu peke yake asingeiweza. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule ambayo kochi moja liliijaza, jikoni, na kati ya jikoni na chumba changu stoo ndogo isiyo na dirisha. Maabara ya chuo ilipoanza kupakwa rangi mpya, na harufu ya rangi ni sumu kwa samaki, Auma alihamishia matangi yake ndani ya stoo hiyo. Matangi matatu ya kioo juu ya meza ya mbao, hita moja kwa kila tangi, pampu ya hewa iliyokoroma mchana kutwa kama mzee aliyelala baada ya chakula. Jirani yetu wa ukuta wa pili aliwahi kumwambia mumewe, nasi tukisikia kila neno, kwamba yule msichana wa Kisumu anafuga samaki wa kula Krismasi. Auma alicheka hadi akakaa sakafuni. Hakuwa hata ametoka Kisumu.

Alikuwa na vichekesho vyake vya kunichokoza. Kwetu ni upande wa Ziwa, kituo cha biashara kaskazini mwa mji, na jina hilo lilimsumbua kweli. "Mnaita Ziwa na hamna hata samaki mmoja," alikuwa akisema. "Mko na mahindi tu. Mngeita Mahindi." Tulipika kwa zamu. Siku yake alikaanga omena, dagaa wa kwao, na nyanya nyingi, vichwa vyote mahali pake, akala huku akiwaangalia wale wa tangini kupitia mlango wa stoo uliokuwa wazi. Nikimwuliza kama haoni vibaya, alinijibu, "Wewe hufugi ng'ombe na unakula nyama?" Siku yangu nilipika mboga ya managu na ugali, nikaweka kibuyu cha mursik mezani, na mara ya kwanza alipoona yale maziwa ya kijivu yaliyopakwa mkaa aliniuliza kwa upole kabisa, "Jeptoo, hii maziwa iliungua?" Kufikia mwezi wa tano alikuwa anamaliza kibuyu kabla yangu.

Wale samaki wake waliitwa fulu. Ndivyo watu wa kwao wanavyowaita, samaki wadogo wa urefu wa kidole, ambao wavuvi huwatupa au kuwapa watoto. Hawa walitoka kwenye ziwa dogo lililojificha katikati ya mafunjo, karibu na nyumbani kwa mama yake mkubwa aliyemlea. Jike lake ni la rangi ya udongo, halina la kukufanya ulitazame mara ya pili. Lakini dume likikomaa hugeuka buluu ubavuni na kuwa na wekundu wa pilipili kwenye mkia, na ndiyo maana watu wa mjini walianza kuwafuga kama mapambo. Na Eldoret nzima, aliyekuwa nao kwa wingi ni mtu mmoja, Mwalimu Kirwa. Alikuwa mstaafu aliyewahi kufundisha upande ule wa ziwa, akarudi na dume mmoja na majike wawili ndani ya mtungi uliofunikwa kitambaa, na kutoka kwa hao watatu alipata mamia. Sebule yake, umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu, ilikuwa matangi kutoka sakafuni hadi darini. Fulu wake walikuwa kwenye mahoteli, kwenye vyumba vya kungojea vya madaktari wa meno, hata kwenye saluni moja.

Auma alitaka kulinganisha. Fulu wa Mwalimu upande mmoja, fulu wa ziwa dogo upande mwingine, akate kipande kidogo cha pezi kwa kila mmoja, atie kwenye kichupa cha spiriti, na vichupa vipelekwe nje ya nchi vikasomwe vinasaba. Nilikuwa nimemwoshea vyombo miezi mitatu bila kuelewa kwa nini. Siku moja tukichambua mahindi ya kuchemsha na maharagwe nilimwuliza. Akachukua punje. "Shosho yako alikuwa anapanda mbegu gani?" Nikamwambia bibi yangu alipanda alizohifadhi mwenyewe juu ya moshi, nyeupe, za manjano, nyingine zambarau, zote zikichanganyika. "Na baba yako?" Ya mfuko, nikasema, ya dukani. "Ule ugonjwa wa mahindi ukikuja, nani anabaki na kitu shambani?" Sikuhitaji kujibu. Akasema fulu wa Mwalimu ni mahindi ya mfuko mmoja. Wanapendeza, wanafanana, na wote ni watoto wa mama wawili. Ugonjwa mmoja ukiwapata wataenda pamoja. "Zile mbegu za shosho ziko kule kwetu, ndani ya yale mafunjo. Na kuna watu wanataka kuchimba mtaro watoe maji wapande mboga. Mimi siwezi kuwaambia wasilime nikiwa mikono mitupu. Nataka karatasi." Kisha akala ile punje.

Angekata mapezi kule kule ziwani, lakini spiriti tuliyopewa ilikuwa imetiwa maji, na Daktari aliyemsimamia alisema vipande vingeoza njiani. Basi Auma aliwaleta wazima, ishirini na wanane, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, akiwapakata safari nzima. Ilikuwa ni kungoja tu spiriti nzuri ifike. Tulingoja wiki sita. Na ndani ya wiki ya tano, mwezi wa saba, katikati ya baridi ile ya Eldoret inayokufanya uvae soksi kitandani, mama yake mkubwa akafariki.

Auma aliondoka Alhamisi kwenda mazishini. Mlangoni, macho yamevimba, alinionyesha mara mbili kile nilichokijua tayari. Stima ikipotea, chemsha maji, jaza chupa, zungusha chupa ndani ya matangi, badilisha kila baada ya saa mbili, na uchochee maji kwa mkono wapate hewa. "Hawa hawajui baridi," akasema. "Hawajawahi kukutana nayo." Nikamwambia aende amlilie mama yake kwa amani.

Stima ilipotea Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nilichemsha maji, nikajaza chupa, nikafanya yote. Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa haijarudi, na siku hiyo kule Ziwa palikuwa na koito ya rafiki yangu wa tangu utotoni, sherehe ya watu wa bwana harusi kuja kumposa rasmi. Nilikuwa nimeshonewa nguo. Naisema nguo kwa sababu ndiyo ukweli. Ilikuwa ya kijani, na mabega yaliyopandishwa, na ilikuwa imetundikwa mlangoni kwangu wiki nzima. Nilijiambia stima haijawahi kukaa zaidi ya adhuhuri. Nilitia chupa za mwisho za maji moto, nikachochea, nikafunga mlango wa stoo joto lisitoke, nikavaa. Jirani alikuwa uani akianika nguo. Ningeweza kumwachia ufunguo. Niliona ni kujieleza kwingi.

Auma alinipigia saa nane mchana. Nilikuwa na sahani ya wali na nyama mkononi, na wanawake walikuwa wakiimba wakiwakaribisha wageni. "Hiyo ni nini?" akauliza. Nikasema ni redio ya jirani. "Fulu wako salama?" "Wako salama." "Stima iko?" Nakumbuka nilitazama ule wali. "Iko," nikasema. Akashusha pumzi. Akasema, "Ubarikiwe, Jeptoo. Hapa sina hata mtu wa kunishika mkono, lakini hiyo angalau si ya kufikiria." Kisha mvua ya mawe ikaanza, barabara ikawa tope, na nikalala huko. Hata hilo silitumii kama kisingizio. Magari mawili yaliondoka kabla ya mvua na yote yalikuwa na nafasi.

Nilirudi Jumapili saa tisa mchana. Stima ilikuwa imerudi. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka na pampu ilikuwa ikikoroma kama kawaida, na kwa sekunde chache, mkono juu ya kitasa cha stoo, nilifurahi. Samaki walikuwa wamelala chini ndani ya matangi kama majani. Wengine walikuwa wameelea, midomo wazi. Madume yalikuwa yamepoteza rangi yote, buluu imekuwa kijivu, na kama si umbo la mapezi nisingemjua dume na jike. Wawili tu walikuwa wakipumua. Nilitia mkono majini. Yalikuwa baridi kama ya mtungi wa nje, ila karibu na hita, ambapo yalikuwa yameanza kupata uvuguvugu wa kuchelewa.

Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kama nililia. Sidhani. Nakumbuka niliwatoa kwa chujio la chai, nikawahesabu juu ya gazeti, ishirini na sita, nikawazika kwenye bustani ya sukuma wiki nyuma ya jikoni, nikapiga udongo kwa kisigino. Kisha nikachukua ndoo yenye kifuniko na kwenda kwa Mwalimu Kirwa.

Alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa koti, anawalisha samaki wake kiini cha yai kwa ncha ya kidole. Stima ilipotea kwake pia, lakini yeye na mkewe walikuwa wamewasha jiko la makaa sebuleni na kukaa nalo siku mbili kwa zamu. "Hatukuenda mahali," akaniambia kwa fahari. "Samaki ni kama watoto mapacha. Nyinyi wenu walipona?" Nikasema walipona. Nikasema Auma anahitaji wengine wa kulinganisha, ishirini na sita hivi, wasiong'aa sana. Wala hakuuliza zaidi. Alifurahi kwamba chuo kinawataka. Alinichagulia mmoja mmoja, akiniambia tabia ya kila dume, na akatia wawili wa ziada kama mtu anayekupimia mboga kwa moyo mweupe. "Mwambie Auma pole ya mama," akasema. "Mwambie sisi tuko naye."

Wale wawili waliopona ndio hunirudia. Jumatatu asubuhi walikuwa wakiogelea, wembamba, weusi-weusi, wamejibanza kwenye kona huku wageni wanene wa Mwalimu wakizunguka katikati. Mtu yeyote angeona kwamba hawa si wamoja. Auma angeona kabla hajavua viatu. Niliwatia kwenye bakuli, nikalifunika kwa sahani, nikashuka nalo hadi mto Sosiani kabla ya kazi, nikawamwaga kwenye maji yale ya kahawia yaliyokuwa yakibeba mvua ya mawe ya juzi. Nilijiambia nimewaachilia. Nilisimama pale nikijiambia hivyo, na nilijua maji yale yalikuwa ya baridi kiasi gani kwa sababu yalikuwa yameingia kiatuni.

Auma alirudi Jumanne, nywele zimenyolewa. Aliingia stoo hata kabla ya kuweka mkoba. Nilisimama jikoni nikisikiliza. "Jeptoo," akaita. "Kuja hapa." Nilikwenda. Alikuwa ameinama, pua karibu na kioo, na machozi yanamtiririka. "Wamenenepa," akasema. "Uliwapa nini?" Nikasema yai la kuchemsha. Akanikumbatia, akanishika muda mrefu, na kwenye shingo yake nikasikia harufu ya moshi wa matanga. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kuku mzima, aliyefungwa miguu, ambaye bibi yake alinitumia kwa kunishukuru. Tulimla na ile sukuma. Niliichuma mwenyewe, mbali na pale nilipopiga udongo kwa kisigino.

Spiriti ilifika siku tisa baadaye. Asubuhi tulikata mapezi ya walio nyumbani, mimi nikiwashika ndani ya kitambaa kibichi, Auma akikata na kuandika lebo. Mchana tulikwenda kwa Mwalimu, saa niliyojua yeye yuko kwenye mkutano wa kanisa, tukafanya vivyo hivyo, na mkewe akatupa chai na mandazi. Mara moja tu Auma alisimama kufuta macho, akaomba radhi, akasema usingizi umemkataa tangu mazishi. Vichupa vikasafiri. Miezi ikapita. Hata leo nikiulizwa nilikuwa nafikiri nini, nitasema nilifikiri pengine havitaonyesha kitu. Nilikuwa mwosha vyombo. Nilitumaini kwamba sayansi ni hafifu kuliko alivyoniambia Auma.

Matokeo yalikuja mwezi wa kumi. Nilikuwa nikipanga chupa kwenye kabati la ukumbini, na mlango wa Daktari ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Angalia mwenyewe," alikuwa akisema. "Hawa wa ziwani na hawa wa Mwalimu, ni kitu kimoja. Watoto wa mama wawili. Sasa ni mambo mawili. Ama hilo ziwa lako halina kitu, ama ulichanganya sampuli." Auma akasema, "Sikuchanganya, Daktari." "Basi ziwa halina kitu." "Si kweli. Nililelewa hapo. Fulu wa mle hawakutoka kwa mama wawili." Kisha Daktari akasema, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "Ulikuwa umetoka kuzika mama. Siku moja, vichupa vyote. Hakuna mtu atakulaumu." Nilikuwa na chupa ya glasi mkononi. Niliiweka chini kwa uangalifu mkubwa isilie.

Alikaa na daftari zake siku nne mezani petu. Alizipitia mstari kwa mstari, akalinganisha mwandiko wa asubuhi na wa mchana, akachora jedwali, akalifuta. Hakula. Siku ya tano, Jumamosi, niliweka uji mbele yake na akaniangalia. "Jeptoo, wewe ulikuwa na mimi," akasema. "Ulikuwa unashika samaki. Inawezekana nilichanganya? Inawezekana nilirudia kuandika lebo za nyumbani kwa wale wa Mwalimu? Sema ukweli, sitakasirika. Nilikuwa sioni vizuri siku hiyo."

Samaki wangekufa hata mikononi mwa mtu mwaminifu. Stima hupotea, watu huteleza. Kama ningekuwa nimekoma hapo, ningekuwa mtu aliyefanya kosa. Mlango wa kutokea ulifunguliwa mbele yangu, na aliyeufungua alikuwa ameshika kijiko cha uji. Mkataba wangu ulikuwa ukiisha mwezi wa kumi na mbili na Daktari alikuwa ameahidi kuniombea ajira ya kudumu. Nikasema, "Inawezekana."

Aliinamisha kichwa. "Mimi pia nimefikiria hivyo," akasema, na akaanza kula.

Daktari alimpa nafasi ya kurudia. Lakini watu wa mipango ya kule kwao walikuwa wameuliza chuo kama kuna ubaya kutoa maji, na Daktari, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwaandikia alichokuwa nacho mezani: kwamba samaki wa mle ni sawa na wanaofugwa mjini kwa wingi. Tulipofika na nyavu, siku chache kabla ya Krismasi, mtaro ulikuwa umekwisha chimbwa. Ziwa lilikuwa limebaki tope la kufika magotini, na pembeni yake vijaruba vya nyanya na sukuma, vizuri, vya watu waliohitaji kula. Tulivuta wavu mchana kutwa. Tulipata kambare wawili na ngege wadogo. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia alituuliza tunatafuta nini, na Auma alipomwambia, alicheka kwa huruma. "Fulu? Hao watoto walimaliza maji yakipungua. Walikuwa wanachota na karai." Auma alimshukuru. Alinawa miguu kwenye mtaro, kidole kimoja kimoja. Nilisimama nyuma yake na wavu begani, na maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, na nikamwuliza kama tutapata gari la kurudi.

Mwezi wa kwanza aliacha masomo, akaajiriwa kufundisha kemia katika shule ya wasichana upande wa kwao. Mwezi huo huo nilipata barua yangu ya kudumu, na mpaka leo niko pale pale. Mwalimu Kirwa, alipopata habari za matokeo, alifurahi kama mtoto. Kila aliyeingia sebuleni kwake aliambiwa kwamba wataalamu wamethibitisha, samaki wake ni sawasawa na wa porini kabisa. Alilisema hilo mpaka mwaka jana. Nilimtembelea kila Jumapili. Watu walidhani ni wema.

Nilikuwa nimefikia viazi vya mwisho aliponipata. "Jeptoo! Unajificha kwa masufuria?" Alinivuta nikasimama, akanikumbatia na kisu changu mkononi. Amenenepa kidogo, mvi zimempendeza, na anacheka vile vile. Nyuma yake alisimama msichana mrefu. "Huyu ni Atieno, kifungua mimba wangu. Anasomea famasia. Atieno, huyu ndiye alikuwa ananishikia samaki." Msichana akatabasamu kwa heshima, akanipa mkono. "Ile story ya vichupa!" akasema. "Aki Auntie, hiyo tumeambiwa tangu tukiwa watoto. Kwetu hata chumvi iko na label mbili, moja ya juu na moja ya ndani, sababu Mum anasema hajiamini." Auma akacheka naye. "Si ni kweli? Mimi huwaambia wasichana wangu darasani, mkiwa na huzuni msiguse chupa. Angalieni mimi."

Kama asingesema hivyo, sijui. Pengine ningempakulia chakula na kumwuliza habari za safari. Nilimwomba tutembee kidogo. Tulikwenda hadi nyuma ya zizi la ng'ombe, ambapo hapakuwa na mtu, na nikamwambia. Nilianza na ile nguo ya kijani, sijui kwa nini, na nikamaliza na mto. Hakunikatiza. Nilipomaliza, spika za kule hemani zilikuwa zikibadilisha wimbo.

"Nilikupigia simu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukasema stima iko."

"Nilikuwa Ziwa. Kwa koito."

"Na wale wawili. Walikuwa hai?"

"Walikuwa hai."

Alivua miwani, akaishika. "Samaki ningekusamehe siku hiyo hiyo, Jeptoo. Ningelia, halafu tungerudi tukashike wengine. Ziwa lilikuwa bado liko." Sauti yake haikupanda. "Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza na mdomo wangu, mezani, na nikakwambia sitakasirika."

"Nitaandika chuoni," nikasema. "Nitaandika kila kitu, niweke sahihi."

"Andika. Lakini kwanza kuna mtu." Aligeuka akaita, kwa ile sauti ya walimu inayofika mwisho wa uwanja, "Atieno! Kuja hapa." Msichana akaja akikimbia kidogo, akidhani mama yake ameumwa. Auma akanionyesha kwa kidevu. "Mwambie. Vile umeniambia mimi."

Nikarudia. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu huyu hakujua kunitazama kwa huruma ya zamani. Uso wake ulianza na adabu, ukawa na mashaka, kisha nikaona anaelewa, na hakuniangalia tena. Alimwangalia mama yake.

"Kwa hivyo Mum hakuchanganya," akasema.

"Hakuchanganya."

Auma alikuwa amegeukia upande wa shamba la mahindi. Mikono yake miwili alikuwa ameikunjua mbele yake, viganja juu, akiitazama.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.